KONA YA MWALIMU: Masta ya utafiti ni kitu gani, na maji ya Rumonge yanaingiaje hapo?

Mwezi uliopita niliahidi kuandika habari za watoto wanaochelewa shule kwa sababu ya foleni ya maji, lakini naomba mnisamehe, hiyo itasubiri. Limetokea jambo. Nimeitwa kwenye kikao cha familia moja, nikaulizwa swali mbele ya wazee, nikashindwa kulijibu. Mwalimu kushindwa kujibu mbele ya watu ni aibu, wote mnajua. Basi nimekwenda kuuliza na kusoma, na leo naleta nilichopata.

Familia yenyewe asili yake ni Rumonge, pale kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala na mukeke, mama alikuwa anauza mawese sokoni. Binti yao mkubwa amesoma kwa ufadhili mpaka akapata digrii ya kwanza ya mambo ya maabara, na siku ile aliporudi na joho mtaa mzima tulicheza. Sasa amepata barua ya kukubaliwa kusoma digrii ya pili, ile ambayo wengi tunaiita masta, ya sayansi ya bayomedikali. Maana yake ni sayansi inayochunguza mwili, damu, vijidudu na dawa ndani ya maabara. Na kwenye barua imeandikwa wazi kwamba ni masta ya utafiti, miaka miwili. Wakati huohuo ameambiwa kuna nafasi ya kupima malaria na choo kwenye zahanati, yenye posho ya kila mwezi. Baba anataka zahanati. Binti anataka masta. Mama yuko katikati, anaangalia sufuria.

Mzee akanigeukia, akasema, "Mwalimu, mie niliambiwa mutoto wangu anakuwa muganga. Sasa akimaliza hii masta, nikiugua atanidunga sindano au hatanidunga?"

Hapo ndipo nilipokwama. Leo naweza kumjibu: hapana Mzee, hatakudunga. Masta ya namna hiyo haimfanyi mtu kuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Udaktari wa kutibu una njia yake nyingine, miaka mingi, na unaanzia kwenye digrii ya kwanza ya udaktari wenyewe. Ni vizuri familia ijue hivyo mapema, kabla haijauza kitu na kabla haijawatangazia majirani, maana nimeona nyumba ambazo zimegombana kwa sababu ya neno "daktari" peke yake.

Sasa, masta ziko za aina mbili kubwa. Kuna ile ambayo mwanafunzi anakaa darasani, anasoma masomo mengi, anafanya mitihani, na mwishoni anaandika kazi fupi. Na kuna hii ya utafiti, ambayo darasa ni kidogo au halipo kabisa, na muda karibu wote unakwenda kwenye swali moja. Swali hilo liwe ni lile ambalo hakuna kitabu chenye jibu lake. Mwanafunzi anapewa msimamizi, yaani mwalimu mkubwa wa kumwongoza, anaandika andiko la kueleza atafanya nini, anapeleka kwenye kamati ya maadili wakague kama hatawadhuru watu, anakusanya sampuli, anapima, anapiga hesabu, halafu anaandika tasnifu na kuitetea mbele ya wakubwa wanaomhoji mpaka jasho linatoka. Kwa wenzetu waliosoma Kifaransa Burundi na Kongo, ndiyo hiyo tofauti ya masta ya kazi na masta ya utafiti mnayoisikia.

Lakini hayo nayajua leo. Siku ile ya kikao aliyeokoa jahazi ni binti mwenyewe. Alimwuliza baba yake, "Baba, unakumbuka Kagunga?"

Kimya. Wengi wetu hapa tunakumbuka Kagunga, na wale wadogo wameshasimuliwa. Ni Mei 2015. Watu kutoka Nyanza-Lac, Rumonge na vijiji vya pwani walikuwa wamekimbilia kile kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, makumi ya maelfu, na maji yalikuwa ni yaleyale ya ziwa: ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia, na ya yale mengine. Kipindupindu kikaingia. Mpaka tarehe 22 Mei walikuwa wamehesabiwa wagonjwa kama 3,000, na watu 31 walikuwa wameshakufa. Meli ya MV Liemba ilikuwa inachukua watu mia kadhaa kwa safari kwenda Kigoma, uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, halafu mabasi kwenda kambini. Mimi nilikuwa kijana mdogo, nakumbuka harufu ya klorini kuliko kitu kingine chochote.

Binti akasema, "Ile choo ya watu ilipelekwa maabara kwanza, ndipo ikajulikana ni kipindupindu. Kuna mtu alikaa akakipima. Na kuna mtu mwingine, miaka ya nyuma, alikaa akauliza kwa nini ugonjwa huu unaipenda pwani yetu. Huyo wa pili ndiye nataka kuwa."

Halafu akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa ni muhtasari wa utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika Lancet, jarida kubwa la madaktari la Uingereza. Na utafiti huo, wapenzi wasomaji, ulifanyika Rumonge! Aliniachia ile karatasi wiki nzima, nimeisoma na kamusi pembeni, na naomba niwaeleze kwa sababu ni wa kwetu.

Kipindupindu kiliripotiwa Burundi tangu mwaka 1978, na karibu kila mwaka kikawa kinarudi. Watafiti walipopanga takwimu za nchi nzima wakaona kwamba wagonjwa 9 katika kila 10 wanatoka bondeni, huku kwenye ziwa na Mto Rusizi. Milimani kilikuwa hakiendi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikalipuka Rumonge, nao wakaenda. Walichofanya ni rahisi kueleza na kigumu kufanya. Walichukua wagonjwa 56. Kwa kila mgonjwa mmoja wakatafuta watu wawili waliofanana naye ambao hawakuugua. Watoto wa darasa la nne wapige hesabu: 56 mara 2 ni 112. Wote wakaulizwa maswali yaleyale. Ulikunywa maji ya wapi? Ulioga wapi? Halafu wakalinganisha waliougua na wasiougua, tofauti yao iko kwenye kitu gani.

Jibu lilikuwa ziwa. Kunywa maji ya ziwa kulihesabiwa kubeba asilimia 78 ya ugonjwa, na kuoga ziwani asilimia 37. Mjomba wa binti, ambaye ni mfanyabiashara na hesabu anazijua, akaruka hapohapo: "78 na 37 ni 115! Asilimia inazidi mia? Hao ni waongo." Tulicheka, lakini swali lake ni zuri sana na mimi nilijiuliza hilohilo. Sababu ni kwamba mtu anayeoga ziwani mara nyingi ndiye huyohuyo anayekunywa, kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kuhesabiwa upande huu na upande ule. Na jambo la mwisho, walichukua maji yenyewe ya Ziwa Tanganyika, wakayapima, na kijidudu wakakikuta humo.

Mwandishi wa kwanza wa utafiti huo anaitwa Birmingham, jina la kizungu. Lakini ukiendelea kusoma mstari uleule unakuta Ndayimirije, unakuta Nkurikiye. Binti aliweka kidole hapo akamwonyesha baba yake. Mzee hasomi Kiingereza, lakini majina ya Kirundi anayasoma. Akayasoma mara mbili kwa sauti.

Sasa mtu atauliza, kama jibu lilishapatikana 1997, huyu binti anakwenda kutafuta nini? Ndilo swali ambalo na mimi nilimwuliza, na hapa ndipo nilipoelewa masta ya utafiti kuliko popote. Kujua kwamba maji ya ziwa yanaleta ugonjwa ni jibu la swali la kwanza. Swali la pili ni hili: je, kijidudu kinaishi ziwani siku zote, kimekaa kama samaki, kinasubiri? Au kinaletwa na watu kila mara, kinakaa kidogo, kinakufa, kinaletwa tena? Mwaka 2008 daktari Mkongo, Didier Bompangue, na wenzake walichapisha utafiti wa mashariki ya Kongo wakaonyesha kwamba sehemu za kando ya maziwa ndiko ugonjwa unakong'ang'ania na ndiko unakotokea kwenda kwingine. Inaonekana ziwa ndiyo nyumba yake. Lakini mwaka 2017 wakatokea wengine, wakiongozwa na watu wa Taasisi ya Pasteur ya Paris, wakasoma vinasaba vya vijidudu 1,070 vilivyohifadhiwa kwa miaka mingi, vingi kutoka nchi 45 za Afrika. Wakakuta kwamba tangu 1970 kipindupindu kimeingizwa Afrika si chini ya mara 11, na chanzo kikiwa ni Asia. Kwa hiyo kinasafiri na watu. Halafu 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao, wakachapisha kwamba wamekikuta kwenye maji, samaki na vile vimea vidogo vinavyoelea vya Ziwa Victoria, tena kile chenye sumu.

Mnaona? Wote wana ushahidi na bado hawajamaliza. Na hili siyo neno la vitabuni tu. Kama kinakaa ziwani, basi tutegemee kurudi kwake hata kama hakuna mgeni aliyefika, na dawa ya maji iwe ya mwaka mzima. Kama kinaletwa, basi jicho liwe kwenye mitumbwi, masoko na watu wanaokimbia, yaani sisi. Kwa kweli hapo mimi nilijisikia vibaya kidogo. Mkimbizi anapenda swali hili lijibiwe kwa haki, kwa sababu likijibiwa ovyo anayelaumiwa anajulikana.

Binti hatajibu yote hayo kwa miaka miwili. Msimamizi wake amempa kipande kimoja: maji ya sehemu chache za pwani, yachukuliwe kila mwezi kwa mwaka mzima, yapimwe. Kazi yenyewe alinieleza hivi. Maji unayachuja, unayaweka kwenye supu ya peptoni yenye magadi kidogo, masaa sita mpaka nane, kwa sababu kijidudu hiki kinapenda magadi na wengine hawapendi. Halafu unachukua tone unapaka kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu kinachoitwa TCBS, rangi yake ya kijani. Unaweka kwenye joto la mwili usiku kucha. Asubuhi ukikuta madoa ya njano, moyo unadunda. Lakini si kila njano ni chenyewe, kwa hiyo unapima tena kwa dawa inayokigandisha, halafu vinasaba, kuona kama kina sumu. Na siku nyingi hakuna njano. Mwezi wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Na bado huwezi kusema hakipo, kwa sababu kijidudu hiki kinaweza kuwa hai ndani ya maji na kikakataa kuota kwenye sahani. Aliniambia kwamba wanafunzi wengi wa masta wanalia mwaka wa kwanza. Nawaambia wazazi mapema: mtoto akipiga simu anasema "hakijaota", msimwone mvivu.

Bibi yake yeye alikuwa na hofu nyingine. "Atakileta nyumbani kwenye nguo?" Swali la haki kabisa kwa mtu aliyepita Kagunga. Kipindupindu kinaingia kwa mdomo, hakiingii kwa hewa. Ndani ya maabara hawali, hawanywi, wanavaa glovu, koti linabaki hukohuko, na sahani zilizotumika zinachemshwa kwenye chungu cha mvuke kwa nyuzi 121 kabla ya kutupwa. Bibi akasema basi hao wananawa kuliko sisi. Ni kweli.

Niseme na faida ya pili, ambayo mjomba aliitaka kwa sababu anapenda faida. Goma, Julai 1994, wakati Wanyarwanda walipokimbia na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu, kijidudu cha pale kilikuwa hakisikii tetrasaikilini wala doksisaikilini. Aliyelijua hilo ni maabara. Maji ya chumvi na sukari na dripu ndiyo yanaokoa mgonjwa, hilo halibadiliki, lakini ukimpa mgonjwa dawa isiyosikilizwa unapoteza dawa na unapoteza siku. Wa kuangalia mambo kama hayo ni watu waliosoma hivi.

Habari ya pesa sasa, ambayo ndiyo ilileta kelele. Ufadhili wa DAFI, unaotoka serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR tangu 1992, kwa sehemu kubwa ni wa digrii ya kwanza. Kwa masta kuna wengine: DAAD ya Ujerumani ina nafasi za kusoma hapahapa Afrika, na Italia tangu 2019 vyuo vyake vinachukua wakimbizi kutoka baadhi ya nchi za Afrika kwa masta, mpango wa UNICORE. Masharti na nchi vinabadilika kila mwaka, kwa hiyo msome tangazo la mwaka wenyewe, msisome la rafiki. Na hakuna mfadhili wa kweli hapo anayeuza fomu. Mtu akikwambia lete elfu kumi ya fomu, mwambie ngoja nimwite mwalimu.

Lakini kwenye masta ya utafiti kuna shimo ambalo watu hawalioni. Ada siyo gharama yote. Zile sahani, ile TCBS, vipimo vya vinasaba, vyote vinanunuliwa, na vingine vinatoka nje ya nchi. Kabla ya kusema ndiyo, mwulize msimamizi waziwazi: vifaa vya maabara analipa nani? Kama ana mradi wenye fedha, vizuri. Kama anasema "tutaona", basi ujue huenda mwanao akakaa mwaka wa pili bila kufanya kitu, anasubiri. Kijana mmoja ninayemfahamu yalimpata hayo, alirudi bila digrii na bila posho, na kosa halikuwa la akili yake. Binti wa hapa aliuliza, akaonyesha jibu kwa maandishi. Hiyo ilinipa moyo.

Na makaratasi. Hapa Tanzania cheti cha sekondari cha nje kinapelekwa NECTA kupata ulinganifu, digrii ya nje inapelekwa TCU, na ruhusa ya utafiti wa afya ya watu inapitia NIMR. Ukichukua sampuli Burundi, kule nako wana kamati yao ya maadili, na ruhusa ya huku haitoshi. Ongeza kibali cha kutoka kambini. Kila kimoja kinakula wiki, vingine miezi. Anayeanza kutafuta vyeti vyake siku barua imekuja ameshachelewa, kwa hiyo akina mama, ile nailoni ya vyeti iliyo chini ya godoro itazameni leo kama panya hawajaanza.

Turudi kwenye kikao. Baba hakusema ndiyo. Alisema posho ya zahanati ni kila mwezi na mwezi huu unga umepungua, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwamba anakosea, hata mimi sikuweza. Mama ndiye aliyeongea mwisho, akauliza kama zahanati itakuwepo baada ya miaka miwili. Hakuna aliyejua.

Tulipokuwa tunaaga, Mzee akaishika tena ile karatasi. Akasema, "Sisi Rumonge tukienda kuvua usiku tulikuwa tunachota maji ya kunywa kulekule ndani, mbali. Ya pwani tulikuwa hatunywi, hasa mvua ikinyesha, mito ikileta uchafu. Hiyo wameiandika?"

Binti akatafuta kwenye ile karatasi tuliyokuwa nayo, haikuwemo. Akamwuliza baba yake, mbali kiasi gani? Mzee akaanza kueleza kwa taa za mitumbwi na milima ya Kongo, jinsi wanavyopima umbali usiku, na binti akaniomba kalamu. Niliwaacha wanaandika. Barua inatakiwa ijibiwe kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Wenye watoto waliomaliza sekondari au chuo na hawajapeleka vyeti kupata ulinganifu, nipo shuleni kila Jumamosi asubuhi, leteni nakala, msilete vyeti vyenyewe. Habari ya foleni ya maji tutaiona toleo lijalo.